Picha za uso za nyeusi na nyeupe huku Nyanda za Juu Kusini: tuongelee mwanga kwanza, kamera baadaye

#1 Mleta mada, Mbeya

Wakuu salaam, na wakubwa shikamooni.

Vijana wengi wanaoanza kupiga picha huku kwetu huuliza lenzi gani inafaa kwa picha za uso za nyeusi na nyeupe. Wachache mno huuliza habari za mwanga, na hapo ndipo picha zao zinapoharibikia. Ukishaondoa rangi, kitenge kizuri hakikusaidii tena, wala ukijani wa mashamba ya chai ya Mufindi, wala wekundu wa udongo wa Iringa. Umebaki na mwanga na kivuli tu, na uso wa mtu itabidi uujenge kwa hivyo viwili.

Msimamo wangu ni huu: ukipiga nje ya studio huku nyanda za juu, kazi kubwa si kuongeza mwanga. Mwanga tunao tele. Kazi ni kuuzuia usitoke kila upande, mpaka ubaki ule unaotoka upande mmoja ulioutaka wewe.

Nianze na jua lenyewe, maana masomo mengi ya mtandaoni yametengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani, na jua lao halipiti linakopita letu. Utasikia wanasema mtafutie mtu dirisha linalotazama kaskazini, mwanga wake ni tulivu kutwa. Kwao ni kweli, kwa sababu jua lao la mchana liko kusini siku zote. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba jua letu la mchana linapita upande wa kaskazini. Kwa hiyo Aprili mpaka katikati ya Septemba ukuta wa kusini wa nyumba haupigwi na jua hata dakika moja, na dirisha la kusini ndilo lenye ule mwanga tulivu wanaousifia. Novemba hadi katikati ya Februari mambo yanageuka: jua linapita kusini, na ukuta wa kaskazini ndio unaokaa kivulini kutwa nzima. Ukilijua hili, ukifika kwenye boma la mtu usiyemjua unajua pa kuweka kiti kabla hujatoa kamera kwenye begi.

Jambo la pili ni saa. Saa ya Tanzania inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita baharini upande wa Komoro. Mbeya iko kwenye nyuzi 33 na nusu hivi. Ndiyo maana jua linafika juu kabisa kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, siyo saa sita kamili. Mwezi Juni halipandi sana, linaishia kama nyuzi 58 juu ya upeo. Katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari linasimama utosini kabisa, macho yanageuka mashimo na pua inaangusha kivuli mpaka mdomoni. Asubuhi nazo zinatofautiana. Jua hufika nyuzi 30 karibu saa tatu na dakika ishirini mwezi Juni, lakini Oktoba ni saa mbili na nusu tu. Anayeniambia "napiga asubuhi" nitamuuliza kwanza asubuhi ya mwezi gani.

Kama hutaki hesabu, tazama kivuli chako chini. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua liko chini ya nyuzi 45 na bado linaweza kuchonga uso. Kikiwa kifupi kuliko wewe, mwondoe mtu juani, mpeleke kivulini.

Sasa njia ninayoipenda kuliko zote: mlango. Nyumba ya tofali za kuchoma, paa la bati, mlango mmoja, ndani giza. Mweke mtu kwenye kizingiti, hatua moja ndani ya mstari wa kivuli, uso utazame nje. Anga lote la mbele yake linakuwa taa moja kubwa, paa linakata mwanga wa juu unaoharibu macho, na chumba kilicho nyuma kinapotea kuwa cheusi bila kutundika kitambaa. Akitazama nje moja kwa moja uso unakuwa laini na wazi. Mgeuze robo, upande mmoja wa shavu unaanza kuzama. Mgeuze zaidi mpaka ubaki mwanga kidogo tu chini ya jicho la upande wa giza, pembetatu ndogo, ile inayoitwa mwanga wa Rembrandt kwa jina la mchoraji wa Kiholanzi. Mrudishe ndani hatua moja, kivuli kinakolea. Mtoe nje nusu hatua, kinalegea. Hatua hizo mbili tatu zinabadilisha uso kuliko lenzi yoyote utakayonunua.

Angalia pia ardhi ya mbele ya mlango. Kama uwanja umefagiliwa na jua linaupiga, unarudisha mwanga kutoka chini, na kidevu kinang'aa kuliko paji la uso. Tandika kitu cheusi pale chini. Kinyume chake, kama macho ya bibi yamezama sana, ule mwanga wa chini ndio dawa. Tandika shuka jeupe mbele ya miguu yake.

Mwisho, kipimo cha mwanga. Kamera haijui inatazama nini. Inataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati. Mlango mweusi ukijaa kwenye fremu, kamera itadhani kuna giza, itafungua lenzi zaidi, na uso wa mtu utapauka. Mtu huyohuyo akisimama mbele ya anga jeupe, kamera itafunga na uso utakuwa tope. Tumia upimaji wa nukta (kamera inapima sehemu ndogo tu ya fremu), pima shavu la upande wa mwanga. Katika mfumo wa kanda za mwanga alioutunga mpiga picha Ansel Adams pamoja na mwenzake Fred Archer, namba ikipanda mwanga unapanda: kijivu cha katikati ni namba 5, ngozi ya Mzungu iliyo mwangani huwekwa 6, na ngozi nyeusi huwekwa 5. Maana yake kwa watu wetu kipimo cha shavu ukiache kama kilivyo, na kwa mtu mweusi sana punguza stopu moja, yaani mwanga ubaki nusu. Ukifuata masomo yanayosema "ongeza stopu moja kwenye uso" utawafanya wazee wetu wawe na rangi ya majivu.

Karibuni tujadili.

#2 Mdau, Njombe

Asante mkuu, hapo kwenye dirisha la kusini umenifungua. Mimi tatizo langu ni kinyume cha jua. Huku Njombe miezi ya baridi unaamka ukungu umefunika kila kitu mpaka saa nne, wakati mwingine kutwa. Kila mtu ananiambia mawingu ni mwanga mzuri wa picha za uso, lakini za kwangu zinatoka bapa na macho hayana uhai. Nakosea wapi?

#3 Mleta mada, Mbeya

Mkuu, hukosei, ni mawingu yenyewe. Watu husema mawingu yanasambaza mwanga sawasawa. Hayasambazi sawasawa. Anga lililofunikwa na mawingu mazito linang'aa juu ya utosi takriban mara tatu ya linavyong'aa kule upeoni. Kwa hiyo bado una taa ya juu, ila kubwa na laini. Kivuli chake hakina ukingo, lakini kipo, kinakaa machoni na chini ya kidevu.

Dawa ni kumkinga mtu juu. Msogeze chini ya upenu wa bati, chini ya mti wenye majani mazito, au mwombe mtu ashike kitambaa cheusi juu ya kichwa chake nje ya fremu. Ukishazima ile taa ya juu, mwanga wa upeoni unaingia kwa mbele na macho yanapata nukta zake. Halafu upande mmoja wa uso weka kitambaa cheusi karibu kabisa, kiasi cha urefu wa mkono, hata kama kinakaribia kuingia kwenye picha. Kitambaa hicho kinameza mwanga wa upande ule, na shavu linapata mteremko. Ni kitu cha bei ndogo na kinafanya kazi kubwa kuliko rifulekta, ule ubao mweupe wa kurudisha mwanga. Wengi wetu tumefundishwa kubeba kitu cheupe. Kwenye ukungu beba cheusi.

Usiukimbie ukungu wenyewe. Misonobari ya Sao Hill au miwati ya Njombe ikiwa kwenye ukungu inapauka kadiri inavyokwenda mbali, na mtu aliyevaa koti jeusi na kofia ya sufu anasimama mbele akiwa mzito, wa kwanza kuonekana. Kwenye rangi picha ile ina ubluu usiopendeza. Kwenye nyeusi na nyeupe imekaa.

#4 Mdau, Iringa

Kamwene wakuu. Mimi ni dada, napiga picha hapa Iringa mjini, nyingi za familia. Kaka mleta mada, uzi ni mzuri ila hapo kwenye "kazi si kuongeza mwanga" nakupinga. Wateja wangu wanatoka ibadani saa sita na wanataka picha Gangilonga, juu ya jiwe, mji ukionekana chini. Hakuna mlango pale, hakuna upenu. Nikisubiri kivuli kirefuke wameshaondoka kwenda kula. Bila flashi sina kazi.

Ninachofanya: nawageuza jua liwe nyuma yao, linachora mstari mweupe kwenye mabega na kichwani, halafu mdogo wangu anashika flashi ndani ya mwavuli mweupe pembeni, juu kidogo ya macho yao. Stendi nimeziacha, upepo wa Iringa unaangusha kila kitu chenye mwavuli. Mkono wa mtu ndio stendi.

#5 Mleta mada, Mbeya

Dada yangu, hoja yako ina uzito, naikubali kwa mazingira hayo. Kwa Gangilonga saa sita sina njia bora kuliko yako. Na la mkono wa mtu badala ya stendi kila mpiga picha wa Iringa na Makambako alishike.

Niongeze hesabu kwa wanaotaka kujaribu, ili wasivunjike moyo. Juani, kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kipimo cha kawaida ni f/16 (tundu la lenzi; namba ikishuka tundu linapanuka) kwa sekunde 1/100 (kasi ya shata). Kamera nyingi hazikubali flashi ya kawaida zaidi ya 1/200 au 1/250, kwa hiyo ukiwa 1/200 unalazimika kuwa f/11. Flashi ndogo iliyopitia mwavuli inahangaika kufikia hapo, hata ikiwa karibu, hata ikiwa imefunguliwa yote. Ile hali ya flashi kufuata shata ya kasi inakuruhusu kufungua lenzi, lakini inakula nguvu nyingi ya flashi. Na kichujio cheusi cha kupunguza mwanga kinapunguza jua na flashi kwa pamoja, hivyo uwiano wao haubadiliki. Kinakusaidia tu kufungua lenzi ili mandhari ya nyuma yafifie.

Kwa hiyo hata mwenye flashi, kuzuia kunamfaa. Mtu wa pili ashike shuka au ubao wa kukinga jua usoni na mabegani, na kwenye kivuli hicho cha kutengeneza flashi yako ya nguvu ndogo inatosha. Utapoteza ule mstari mweupe wa mabegani, ni kweli. Chagua kipi unakitaka siku hiyo. Na isogeze flashi karibu: ukikaribia kwa nusu ya umbali, mwanga unaongezeka mara nne, yaani stopu mbili, bila kubadilisha betri.

#6 Mdau, Iringa

Sawa kaka, hapo tumeelewana. Nitajaribu ubao Jumapili.

#7 Mdau, Mbeya (Uyole)

Wakuu, swali langu ni la kubadilisha picha ya rangi kuwa nyeusi na nyeupe kwenye kompyuta. Nikivuta kile kitelezi cha rangi nyekundu na chungwa, ngozi inakuwa laini na nyeupe, wateja wanafurahi. Nikivuta kinyume, kila kovu linaonekana. Ipi ni sahihi?

#8 Mleta mada, Mbeya

Hili nalitolea jibu refu kidogo, linanigusa.

Kinachotokea ni hiki. Ngozi yetu ya kahawia inarudisha nyekundu kwa wingi kuliko kijani na bluu. Ukiipa nyekundu nguvu, ngozi inapanda na madoa yanafutika, sawa na zamani mtu alivyoweka kichujio chekundu mbele ya lenzi. Kwa kuwa anga ni bluu, linashuka kuwa jeusi. Na udongo wetu mwekundu na tofali za kuchoma zinapanda pia. Nimeona picha za Iringa ambazo barabara ya vumbi imekuwa kama chokaa na uso wa mtu umelingana na ukuta wa nyuma yake. Mtu amepotea kwenye tofali zake mwenyewe. Ukiipa nguvu kijani, ngozi inashuka, mikunjo na makovu yanajitokeza, midomo inakolea. Bluu ina chengachenga nyingi, iguse kidogo sana.

Kwa kazi yangu: mzee wa miaka themanini ambaye uso wake umechorwa na jua na kazi, kijani ndicho kinachomheshimu. Bibi harusi, katikati. Lakini kumfanya mtu mweusi awe mweupe kwa sababu programu inaweza, hapana. Wateja wengi wanaosema "ning'arishe" hawataki kubadilishwa rangi. Wanataka uso wao uonekane badala ya kuzama gizani, kama ulivyozama kwenye picha walizowahi kupigwa. Mpe mwanga mzuri na hataomba tena.

Ngozi nyeusi haionekani kwa kuangazwa sana. Inaonekana kwa kung'aa: ule mng'ao wa mfupa wa shavu, paji la uso, mgongo wa pua. Mng'ao ni taswira ya taa yenyewe juu ya ngozi. Taa ikiwa ndogo kama balbu ya flashi tupu, unapata doa jeupe kali. Taa ikiwa kubwa, yaani mlango wazi, ukuta mweupe unaopigwa na jua, shuka, mng'ao unatandaa na umbo la uso linasomeka hata kama ngozi yenyewe umeiacha nyeusi kabisa. Kwa hiyo usikimbilie kumpaka mtu poda. Mafuta kidogo ya kawaida, yaliyopakwa sawasawa, yanasaidia. Lindeni mng'ao huo usifutike kuwa mweupe tupu: piga kwa RAW (faili ghafi la kamera), kioo cha kamera kiweke kwenye nyeusi na nyeupe ili ufundishe jicho, rangi zote zitabaki ndani ya faili kwa ajili ya baadaye.

#9 Mdau, Tukuyu

Ndaga fijo mkuu. Huku kwetu mvua haiishi na migomba iko kila mahali. Nimezoea kukwepa migomba kwa sababu nyuso zinatoka na ukijani. Kwa nyeusi na nyeupe inafaa?

#10 Mleta mada, Mbeya

Inafaa sana. Ukijani haukusumbui tena, na jani la mgomba ni pana, linapitisha mwanga na kuulainisha. Jambo moja ulijue: chini ya migomba nyekundu imepungua kwenye mwanga, kwa hiyo ngozi itatoka nyeusi zaidi kuliko ukuta au shati lake. Usiisahihishe kwa kufungua kamera ovyo. Msogeze mtu ukingoni mwa shamba, anga limpige kwa upande mmoja na migomba ibaki nyuma. Ukali wa madoa ya jua yanayopenya kati ya majani ndio wa kukwepa. Ile taa ya manjano ya jikoni ikichanganyika na mwanga wa dirishani nayo haina shida kwetu; wanaopiga rangi wanateseka nayo.

Kwa wasiomjua, mtazameni mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyezaliwa 1921 na kufariki 2001. Kazi zake nyingi alizipiga uani kwake, kwa mwanga wa mchana, kitambaa kimetundikwa nyuma; cha kwanza kilikuwa shuka la kitandani mwake. Mweusi anawapiga weusi wenzake, na kila uso una heshima yake. Irving Penn naye, Mmarekani, alisafiri na hema lililogeuzwa studio, Dahomey (sasa Benin) 1967, Kameruni 1969, Moroko 1971, upande mmoja uko wazi mwanga uingie, pande nyingine zimefungwa. Ni mlango uleule ninaousema, ila yeye aliubeba. Turubai na fito nne tunaweza kuvipata.

#11 Mdau, Kyela

Mimi nina simu tu. Nataka kwenda Matema, kando ya Ziwa Nyasa, kupiga picha za akina mama wa Kikisi wafinyanzi. Inawezekana?

#12 Mleta mada, Mbeya

Inawezekana. Bonyeza uso kwenye kioo mpaka kipimo kikae pale, kisha telezesha kidole chini upunguze mwangaza kidogo, na zima ile hali ya kulainisha ngozi. Simama mbali hatua mbili tatu na tumia lenzi ya kukuza kama ipo, maana lenzi pana ya simu ikisogezwa karibu inarefusha pua.

Matema ina zawadi yake. Milima ya Livingstone inapanda ghafla mashariki ya ufuo, kwa hiyo asubuhi jua linachelewa kufika mchangani. Wakati sehemu nyingine tayari zinachomeka, nyinyi bado mko kwenye kivuli kikubwa cha mlima, na anga wazi la upande wa ziwa ndilo taa yenu. Mama akikaa na chungu chake akitazama ziwa, wewe ukakaa kidogo pembeni, mwanga unampitia shavuni na kwenye mviringo wa chungu kwa namna moja. Udongo mbichi wenye maji unang'aa, mkavu haung'ai. Omba upige wakati anausugua.

Na omba kweli. Salimia, kaa, nunua chungu kama unaweza, eleza picha inakwenda wapi. Akikataa, imeisha. Akikubali, mpelekee nakala iliyochapishwa, siyo ahadi.

#13 Mdau, Njombe

Mkuu, kitambaa cheusi cha aina gani? Nilichonacho kinang'aa.

#14 Mleta mada, Mbeya

Kinachong'aa kirudishe, satini inarudisha mwanga badala ya kuumeza. Tafuta kitambaa kizito chenye manyoya mafupi, kama mahameli, au pamba nene iliyofifia. Mita mbili kwa moja na nusu zinatosha. Huku Mbeya ukipita maduka ya vitambaa Mwanjelwa hukosi. Kikunje mara mbili, kiinue kuelekea juani, na kama unaona nukta za mwanga zinapenya, muulize muuzaji kingine.